Jukwaa Lililoelea: Vichekesho vya Nyimbo Ndani ya Meli za Abiria katika Sinema ya Hollywood

Kati ya mwaka 1930 na 1956 studio za Hollywood zilitoa filamu kadhaa ambazo hadithi zake, zote au kwa sehemu kubwa, hutokea ndani ya meli ya abiria iliyo safarini, na ambamo wahusika huimba na kucheza dansi katikati ya mkanganyiko wa mapenzi, majina ya bandia na tiketi za watu wengine. Filamu za namna hii huitwa vichekesho vya nyimbo, kwa kuwa nyimbo ndani yake si pambo la kuwapumzisha watazamaji bali ni sehemu ya usimulizi: mhusika huanza kuimba pale maneno ya kawaida yanapomwishia. Meli zenyewe zilikuwa za ratiba, yaani zilifuata njia moja na kung'oa nanga kwa tarehe zilizotangazwa, kama zilivyokuwa zile za Union-Castle na British India zilizozoeleka Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam, isipokuwa zile za filamu aghalabu zilikwenda baina ya New York na bandari za Uingereza na Ufaransa. Ni rahisi kuziona filamu hizo kuwa ndoto tupu za studio, lakini historia ya biashara ya meli inaonyesha vingine: shangwe ile ilikuwa imekwisha kutengenezwa na kuuzwa na kampuni za meli kabla kamera haijaifikia, na iliuzwa kwa sababu kampuni hizo zilikuwa zimepoteza abiria waliozilisha kwa miongo mingi.

Abiria hao walikuwa wahamiaji. Mwaka 1907 peke yake Marekani ilipokea wahamiaji zaidi ya milioni 1, wengi wao wakiwa wamevuka Atlantiki katika daraja la chini kabisa, ndani ya vyumba vya msongamano vilivyokuwa karibu na mitambo na usukani, huku nauli zao ndogo, kwa wingi wake, zikigharimia sehemu kubwa ya fahari ya daraja la kwanza lililokuwa juu yao. Sheria ya uhamiaji ya mwaka 1921 na ile kali zaidi ya 1924, ambayo iliweka kwa kila taifa kiwango cha asilimia 2 ya wenyeji wake waliohesabiwa Marekani katika sensa ya 1890, zilikausha mkondo huo. Kampuni zilibaki na meli kubwa zenye maelfu ya vitanda vitupu, nazo zikajinusuru kwa kupaka rangi vyumba vya wahamiaji, kuvitia samani na kuviuza upya kama daraja la watalii, wakilengwa walimu, wanafunzi na makarani wa Marekani waliotamani kuiona Ulaya kwa bei nafuu. Mhamiaji alihitaji kufika tu, ilhali mtalii alihitaji kuburudishwa njiani, na kwa hiyo bendi, ukumbi wa dansi, michezo ya sitahani na dhifa ya nahodha vilipata uzito wa kibiashara ambao havikuwa nao hapo awali.

Marufuku ya pombe nchini Marekani, iliyodumu kutoka 1920 hadi 1933, iliongeza kivutio kingine. Meli za Kiingereza na za Kifaransa ziliweza kufungua baa zake mara tu zilipovuka mipaka ya bahari ya Marekani, na abiria wa New York waliokuwa wakinywa kwa kificho mjini walikunywa hadharani baharini. Mdororo mkuu wa uchumi ulipoanza mwaka 1929 na wasafiri wa kawaida wakapungua, kampuni zilizidi kutegemea safari fupi za starehe, ambazo hazikuwa na lengo la kufika popote ila kuzunguka visiwa vyenye joto na kurudi. Hata Mauretania ya kampuni ya Cunard, iliyoshikilia rekodi ya kasi ya Atlantiki kwa takriban miaka 20, ilipakwa rangi nyeupe mwaka 1933 kwa ajili ya kazi hiyo. Kilele cha mwelekeo huu kilikuwa Normandie, meli ya Kifaransa iliyoanza safari mwaka 1935 ikiwa na ukumbi wa chakula wenye urefu wa mita 93 hivi, pamoja na ukumbi wa maonyesho wenye jukwaa kamili na mashine za kuonyeshea filamu. Aliyepanda meli ya namna hiyo alikuwa ameingia tayari katika jengo la maonyesho, na mtunzi wa filamu aliyemfuata hakuwa na haja ya kubuni sababu ya kuwapo kwa bendi, mavazi ya jioni au sakafu iliyong'arishwa.

Filamu ya mapema katika kundi hili, Reaching for the Moon, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 1930, ilibeba alama zote za wakati wake. Douglas Fairbanks aliigiza tajiri wa soko la hisa anayepanda meli kumfuata mwanamke, kisha mali yake ikaporomoka yeye akiwa katikati ya bahari, asiweze kufanya lolote. Irving Berlin alikuwa ametunga nyimbo za filamu nzima, lakini karibu zote ziliondolewa kabla ya maonyesho kwa kuwa watazamaji wa mwaka huo walikuwa wamechoshwa na wingi wa filamu za nyimbo zilizotolewa haraka haraka tangu sauti iingie katika sinema. Wimbo uliosalia waziwazi unaimbwa katika baa ya meli, na mmoja wa waimbaji wake ni kijana Bing Crosby, ambaye miaka michache baadaye angekuwa nahodha halisi wa aina hii ya filamu. Mwaka 1931 ndugu wanne wa Marx walitokea katika Monkey Business wakiwa wazamiaji, yaani watu wanaosafiri kwa kujificha bila tiketi, wakiwa ndani ya mapipa, na kila mmoja wao akajaribu kuteremka bandarini kwa pasipoti ya mwimbaji Maurice Chevalier na kwa kuigiza sauti yake. Mzaha huo ulikuwa na uchungu wake, kwa sababu ulichezwa mbele ya dawati la uhamiaji lilelile lililokuwa likiwarudisha watu halisi makwao tangu 1924.

Kwa mtunzi wa vichekesho, meli ilitoa kitu ambacho hoteli au jumba la kifahari halikuweza kutoa. Mlango wa kutokea haupo: mdai na mdaiwa, mume na mtu aliyetumwa kumpeleleza, mwizi na askari hulazimika kula meza za jirani kwa siku 4 au 5 na kukutana tena kila wanapopinda kona ya sitaha. Saa nayo imekwisha kutegwa, kwani siku ya kufika inajulikana na kila jambo lazima litatuliwe kabla ya gati kuonekana. Juu ya hayo, madaraja ya abiria hukaa juu na chini ya ngazi moja, yakitenganishwa na lango dogo na mtumishi mwenye sare, kwa hiyo kosa la kuvuka lango hilo, ambalo mjini lingehitaji maelezo marefu, melini ni suala la hatua 3.

Tamthilia iliyoukamilisha utaratibu huu ni Anything Goes, iliyofunguliwa katika ukumbi wa Alvin, New York, tarehe 21 Novemba 1934, muziki na maneno ya nyimbo vikiwa vya Cole Porter. Hadithi ya kwanza iliandikwa na Guy Bolton na P. G. Wodehouse, nayo ilihusu abiria waliokumbwa na hatari baharini, lakini tarehe 8 Septemba mwaka huo meli ya starehe iitwayo Morro Castle, iliyokuwa ikirudi New York kutoka Havana, iliteketea karibu na pwani ya New Jersey na kuua watu 137. Nahodha wake alikuwa amefariki ghafla jioni iliyotangulia, na mabaki ya meli yaliyokuwa yakitoa moshi yalisukumwa na mawimbi hadi Asbury Park, mbele ya macho ya umati. Kwa masimulizi yaliyozoeleka, msiba huo ndio uliolazimisha hadithi ibadilishwe. Wapo wanaosema mtayarishaji Vinton Freedley hakuupenda mswada tangu mwanzo. Vyovyote iwavyo, mwongozaji Howard Lindsay aliuandika upya kwa haraka pamoja na Russel Crouse, na katika mswada mpya hatari ya baharini ikatoweka, nafasi yake ikashikwa na mhalifu aliyevaa kanzu ya kasisi, kijana mzamiaji anayempenda binti aliyeposwa na Mwingereza, na mwimbaji Reno Sweeney aliyeigizwa na Ethel Merman. Tamthilia hiyo ilichezwa mara 420 mfululizo. Inastahili kukumbukwa kwamba wepesi wake wa furaha, ambao watazamaji waliupokea kama kitu kisicho na uzito wowote, ulifumwa katika majuma ambayo magazeti ya mji uleule yalikuwa bado yakichapisha habari za waliokufa.

Filamu ya Anything Goes ya mwaka 1936, iliyotolewa na Paramount chini ya uongozaji wa Lewis Milestone, haikuwa na bahati hiyo. Kanuni ya maadili ya sinema, yaani utaratibu wa studio zenyewe wa kukagua mambo ya ngono, dini na uhalifu kabla ya filamu kuonyeshwa, ilianza kutekelezwa kwa ukali mwaka 1934, na mashairi ya Porter yenye mafumbo ya mapenzi na ulevi hayakuweza kupita katika chekecheo hilo bila kukwanguliwa. Nyimbo nyingi zake ziliachwa, nyingine zikaandikwa upya maneno, na watunzi wengine wakaletwa kujaza pengo. Crosby na Merman waliimba vizuri, lakini kilichobaki ni fremu ya meli isiyo na pumzi yake.

Kazi iliyofikia ubora wa juu kabisa ni Shall We Dance ya mwaka 1937, iliyotolewa na RKO, ikaongozwa na Mark Sandrich na kutungiwa muziki na George Gershwin, huku kaka yake Ira akiandika maneno. Fred Astaire anaigiza Petrov, mchezaji baleti anayejifanya Mrusi ingawa jina lake halisi ni Peter P. Peters, Mmarekani, na Ginger Rogers ni Linda Keene, mwimbaji na mchezaji dansi ambaye amechoka na wanaume wanaomfuatafuata. Wanapovuka kutoka Ufaransa katika meli iitwayo Queen Anne, uvumi unazuka kwamba wameoana kwa siri, na melini uvumi hauna pa kutokea: Linda anapoonekana akifuma kivazi kidogo, abiria wote wanajua, au wanadhani wanajua, maana yake. Kabla ya hapo kuna mandhari ya sitahani ambamo Linda anamtembeza mbwa wake, naye Petrov anajitafutia mbwa ili apate sababu ya kutembea karibu naye. Hakuna neno linalosemwa kwa muda mrefu. Gershwin ameandika kipande cha ala tupu kwa kikundi kidogo cha wapigaji, na mazungumzo ya wawili hao yanafanywa na mwendo wa miguu na kamba za mbwa. Mandhari hiyo inategemea desturi ya kweli, maana meli za daraja hilo zilikuwa na vibanda vya mbwa na muda maalumu wa kuwatembeza.

Mandhari nyingine ya filamu hiyo inahitaji kutazamwa kwa makini zaidi. Petrov anashuka katika chumba cha mitambo, ambacho mchoraji wa seti amekifanya cheupe, kirefu na kinachong'aa, chenye pistoni kubwa zinazopanda na kushuka kwa mpangilio, bila tone la mafuta sakafuni. Humo anawakuta wafanyakazi Weusi wakiimba kwa kufuata mdundo wa mashine, naye anaudaka mdundo huo na kuucheza kwa dansi ya kugongagonga, yaani dansi ya viatu vyenye vipande vya chuma ambayo chimbuko lake kubwa liko katika sanaa ya Wamarekani Weusi wenyewe. Umahiri wa Astaire hapo hauna mfano, kwani anajibu sauti za mitambo moja baada ya nyingine, akizikatiza, akizirudia, kisha akizitangulia. Hata hivyo wafanyakazi wale wanabaki pembeni wakimtazama, na wimbo ukiisha hawana nafasi tena katika hadithi. Filamu inakiri kwa dakika chache kwamba juu ya sitaha kuna starehe kwa sababu chini yake kuna kazi, na kwamba muziki wa abiria umepanda ngazi kutoka kwa watu wasioruhusiwa kuipanda. Ndiyo maana mandhari hiyo inapendeza na kuumiza kwa wakati mmoja. Gershwin alifariki tarehe 11 Julai 1937, miezi michache tu baada ya filamu kuanza kuonyeshwa, akiwa na umri wa miaka 38.

Jambo moja dogo katika hadithi hiyo lina maana kwa mwanahistoria: Linda anaikimbia meli kwa ndege ya posta. Hilo halikuwa uzushi wa waandishi, kwa maana tangu 1928 meli ya Kifaransa Île de France ilikuwa imefungiwa mtambo wa kurushia ndege ndogo, ili barua zifike nchi kavu mapema kabla ya meli yenyewe. Ndege ilikuwa bado mtumishi wa meli.

The Big Broadcast of 1938 ya Paramount ilihusu mashindano ya meli mbili za kubuni, Gigantic na Colossal, ikiakisi ushindani wa Normandie na Queen Mary wa kuvuka Atlantiki kwa muda mfupi zaidi. Filamu yenyewe ni mkusanyiko wa vipande visivyoshikana, lakini wimbo mmoja walioimba Bob Hope na Shirley Ross, wakiwa mume na mke walioachana wanaokutana tena melini, ulipata tuzo ya Oscar na kumfuata Hope maisha yake yote. Vita vilipoanza, shangwe hizo zilizimika: Normandie iliungua na kupinduka katika gati la New York mwezi Februari 1942 ilipokuwa ikigeuzwa kuwa meli ya kubebea wanajeshi, na Queen Mary, katika safari moja ya mwezi Julai 1943, ilibeba zaidi ya watu 16,000.

Baada ya vita kampuni ya Warner Bros ilirudi baharini kwa Romance on the High Seas ya mwaka 1948, ikiongozwa na Michael Curtiz kwa mswada wa ndugu mapacha Julius na Philip Epstein, watu walewale waliokuwa wameshirikiana naye katika Casablanca. Hii ilikuwa filamu ya kwanza ya Doris Day, aliyekuwa mwimbaji wa bendi, na aliipata nafasi hiyo baada ya Betty Hutton kushindwa kushiriki kwa sababu ya ujauzito. Georgia Garrett, mhusika wake, ni mwimbaji wa kilabu cha usiku asiye na fedha, ambaye hupenda kuingia katika ofisi ya wakala wa safari kupanga safari ambazo hatazilipia, na ana pasipoti ambayo haijawahi kupigwa muhuri. Huko ndiko anakokutana na mke wa tajiri anayemshuku mumewe. Mke huyo anamlipia Georgia safari ya kwenda Amerika Kusini ili atumie jina lake, huku yeye mwenyewe akibaki New York kwa siri kumchunguza mume. Mume naye, akiwa na shaka ileile, anamtuma mpelelezi melini, na mpelelezi anampenda mwanamke anayedhani ni mke wa mteja wake. Maskini aliyekuwa akitazama mabango ya safari anajikuta ndani ya bango lenyewe, na wimbo wa Jule Styne na Sammy Cahn ulioteuliwa kuwania Oscar ukamfanya Day nyota. Meli inapotia nanga Trinidad anatokea Sir Lancelot, mwimbaji wa kalipso mzaliwa wa kisiwa hicho, na mojawapo ya nyimbo za filamu inahusu biashara ya watalii yenyewe, jambo ambalo vichekesho vya miaka ya 1930 havikuwa vimelisema kwa uwazi namna hiyo.

Katika Royal Wedding ya mwaka 1951 mwongozaji Stanley Donen alimtumia Astaire, safari hii akiwa na Jane Powell kama dada yake, wakielekea London wakati wa arusi ya Binti Mfalme Elizabeth ya mwaka 1947. Wanacheza dansi mbele ya abiria huku dhoruba ikiinamisha meli, na ili kupata athari hiyo seti nzima ilijengwa juu ya mtambo wa kuiyumbisha. Sakafu inapoinama wachezaji wanaanza kwa kurekebisha hatua zao, kisha wanashindwa, viti vinateleza kutoka upande hadi upande, matunda yanamwagika na kubingirika, nao wanaendelea kutabasamu kama wasanii waliolipwa. Chanzo cha mandhari hiyo kilikuwa tukio la kweli, kwa kuwa mwaka 1923 Astaire na dada yake Adele walikuwa wamecheza katika bahari chafu ndani ya Aquitania wakielekea London kwa kazi yao ya kwanza huko.

Gentlemen Prefer Blondes ya Howard Hawks, iliyotoka mwaka 1953, iliwapandisha Marilyn Monroe na Jane Russell katika Île de France pamoja na kikosi cha wanamichezo wa Olimpiki. Kipo humo kipengele cha desturi ya melini kilichotumiwa kwa ustadi mkubwa: kampuni zilichapisha orodha ya majina ya abiria na kuigawa, ili watu wajue wamesafiri na nani, na Lorelei, mhusika wa Monroe, anaisoma orodha hiyo kwa bidii akimtafutia rafiki yake Dorothy mume tajiri. Anamchagua Henry Spofford wa Tatu kutokana na fahari ya jina lake, na anapofika mezani anaonekana kuwa mtoto wa kiume mwenye sauti nzito, ambaye baadaye ndiye anayemsitiri Lorelei aliyenasa katika dirisha la mviringo la chumba. Studio hiyohiyo, 20th Century Fox, ilikuwa imetoa Titanic miezi michache kabla, na watazamaji wa 1953 waliweza kuona meli ya maangamizi na meli ya almasi katika mwaka mmoja.

Paramount ilipoirudia Anything Goes mwaka 1956, ikiwa na Crosby tena pamoja na Donald O'Connor, Mitzi Gaynor na Zizi Jeanmaire, meli haikuwa tena njia ya lazima ya kuvuka. Mwezi Oktoba 1958 kampuni za BOAC na Pan Am zilianzisha safari za ndege za jeti juu ya Atlantiki, na katika kipindi hichohicho idadi ya waliovuka kwa ndege iliwapita waliovuka kwa meli. Île de France, iliyokuwa jukwaa la Monroe, iliuzwa Japani kuvunjwavunjwa, na kabla ya nyundo kuifikia ilikodishwa na kuzamishwa kwa sehemu katika filamu ya msiba, The Last Voyage ya mwaka 1960.

Kampuni za meli zilizosalia zilijikita katika safari za mzunguko wa starehe, na hapo uhusiano wa meli na kamera ukageuka. Kati ya 1977 na 1986 televisheni ya ABC ilionyesha The Love Boat, vichekesho vilivyopigwa picha kwa sehemu ndani ya meli halisi ya Princess Cruises iitwayo Pacific Princess, na kampuni hiyo ikajitangaza kwa mfululizo huo, huku abiria wapya wakipanda wakitarajia kukutana na yale waliyoyaona nyumbani. Leo meli kubwa zinanunua haki za tamthilia za Broadway na kuzicheza katika kumbi zake zenyewe: Oasis of the Seas, iliyoanza safari mwaka 2009, ilifungua ukumbi wake kwa Hairspray, ikiwa na waigizaji wa kulipwa wanaokaa melini kwa miezi kadhaa na kucheza kwa zamu, kila juma mbele ya abiria wengine.